Korongo Wangu wa Matumaini

Jamani, nichekeni tu. Mimi ni bibi maendeleo hapa Kasulu, na kwa kukunja karatasi sina mpinzani, maana nilifundishwa mchana mzima na dada wa Kijapani aliyepita hapa. Alisema kwao korongo wa karatasi humpa mgonjwa matumaini.

Basi nikajitolea kuipamba wodi mpya ya wanawake. Korongo wangu walikataa kutoa shingo. Vichwa vikabaki vifupi, na masikio mawili yakachomoza. Mtaalamu hashindwi: nikawachorea macho makubwa kwa wino, ili matumaini yawaone wagonjwa vizuri. Nikatundika mmoja juu ya kila kitanda, na jioni wagonjwa wakahamishiwa humo.

Asubuhi Ndugu Katibu wa Chama alipokuja kuifungua rasmi wodi, vitanda vilikuwa vitupu. Wagonjwa walikuwa nje kwenye nyasi, wamejifunika mablanketi.

“Mama, mbona mko kwenye baridi?” akamuuliza mkimbizi mmoja wa Burundi aliyepakata kichanga.

“Ndugu Katibu, humo ndani kuna bundi juu ya kila kitanda. Sisi hatutaki kujua wamemfuata nani.”

Katibu akachungulia ndani, akarudi nyuma haraka. “Nani katundika bundi hospitalini?”

Nami nilikuwa nimesimama mlangoni, nimemshikia bundi wake wa zawadi.