Maji ya Dunguni

Mke wangu Mwaija aliuliwa na maji niliyoyachemsha mwenyewe. Yalitokota, nikayaona kwa macho yangu.

Mwezi mzima sikuelewa. Na ndani ya huo mwezi nikamharibia mtoto wa watu.

Shule niliishia la nne, mnisamehe uandishi.

Nyumbani ni Bagamoyo, shamba la mpunga liko bonde la Ruvu. Mpunga ukianza kukomaa tunahamia huko wiki tatu, tunalala dunguni, kile kibanda cha juu ya miti, tufukuze ndege. Kisima cha pampu kipo, kimekufa miaka miwili. Wakubwa wanapita na gari, vioo juu.

Basi tunakunywa ya bwawani.

Mwaija alikwenda kwenye semina ya afisa afya, binti mmoja anaitwa Hafidha. Akarudi na amri.

"Bwana wee, chuja kwa kanga, chemsha mpaka yatokote, funika."

Nikachuja, nikachemsha. Mwenzangu alikuwa juani toka alfajiri, midomo imemkauka. Nikampa kopo, akanywa lote.

Kesho yake akaanza kuhara maji matupu. Tukamkimbiza na bodaboda kituo cha afya. Adhuhuri nikaambiwa nitafute sanda.

Kwenye mkutano wa kijiji nikasimama.

"Huyu binti katufundisha uongo! Nimechemsha kama alivyosema, mke wangu kafa!"

Watu wakalipuka.

"Anakula posho tu huyo!"

"Mtoto wa juzi, atufundishe maji sisi?" Huyo mzee Mbaruku.

Mwenyekiti, ambaye kisima kimemfia mikononi, akafurahi kupata wa kubebeshwa. Ikaandikwa barua Hafidha aondolewe. Saini ya kwanza yangu.

Hafidha akaja kwangu. Hakuja kugomba.

"Shikamoo baba. Pole na msiba. Nina swali moja tu. Mama aliyanywa yakiwa moto?"

"Marahaba. Ya moto, kwa jua lile? Nilimzimulia."

"Kwa maji gani?"

Nikaketi kizingitini.

Kata moja ya maji mabichi ya bwawani. Niliitia kwa mkono wangu kwenye sufuria iliyotoka kutokota, nimpozee mke wangu asisubiri.

"Mama alijua, baba," akasema taratibu. "Hilo la kuzimua aliliuliza yeye mwenyewe. Nikamwambia hata kijiko kimoja kinaharibu yote."

Hapo nikakumbuka. Mwaija alishika kopo, akaniuliza, "Umeyapoza na nini?"

Nikamjibu, "Kunywa, mama Najim. Vidudu vimeshakufa, vitafufuka?"

Akacheka, akanywa. Sijui ni kiu, sijui ni kunisitiri.

"Utawaambia, baba?" Hafidha akauliza. "Barua inapelekwa Jumatatu."

"Nitawaambia."

Jumatatu ikafika. Nikakaa ndani, nikafunga mlango.

Wamemwondoa. Nawaambia ninyi msionijua, maana wanaonijua bado wananipa pole.

Ukilala shambani au porini, chuja, chemsha yatokote, funika, kisha ngoja yapoe yenyewe. Usizimue na mabichi. Anayekupenda akikwambia kunywa haraka, kataa.

Wakubwa wana dhambi yao ya kisima, na siwasamehe.

Ila Hafidha hakuwa mkubwa. Alikuwa binti aliyekuja kwa miguu mpaka bondeni, akitaka tusife.