Ongeza Kidogo

Kijitabu cha chuo cha ufundi kilikuwa na picha ya vijana sita wanaocheka mpaka magego, utadhani mwalimu wao ameteleza mbele yao. Chini ya picha yaliorodheshwa mambo ambayo mwanafunzi angeyapata chuoni mbali na cheti: kujiamini, kujitambua, kujua kuishi na watu, na marafiki wa maisha. Mama Mkasi alikisoma akiwa amesimama, kisha akakirudisha mezani kwa meneja kwa ncha za vidole.

"Kujiamini ninako," alisema. "Mpaka majirani wameshalalamika."

Meneja alikuwa na miezi mitatu kazini na alikuwa bado anaomba radhi kabla ya kila sentensi. Aliomba radhi, akaeleza kwamba wenye kiwanda wamekata kauli: kuanzia mwakani kila mkuu wa kitengo lazima awe na cheti. Asiyekuwa nacho atahamishwa. Kwa upande wa Mama Mkasi, angehamishiwa kwenye benchi la kukata nyuzi pale karibu na mlango, wanapokaa wasichana wa wiki ya kwanza, na meza ya ukataji angepewa mtu kutoka nje mwenye karatasi yake mkononi.

Hiyo meza alikuwa nayo miaka ishirini na sita. Kiwanda kilishona sare za hospitali, suruali na makoti ya wauguzi, na hakuna jora lililofunguliwa mle ndani bila yeye kuligusa kwanza. Vipimo vyote vya kukatia alikuwa navyo kichwani. Hakuvihifadhi kwingine kokote, na hilo halikuwa kwa bahati mbaya. Mameneja wanne walikuja wakaondoka, na kila mmoja alijifunza siku ya kwanza kwamba Mama Mkasi akiumwa mafua, kiwanda kizima kinakaa kumsubiri apone. Yeye aliita hali hiyo uzoefu.

Alikuwa na msaidizi, tena wa miaka kumi na moja. Kazi yake ilikuwa kutandaza kitambaa, kukishika pembeni kisicheze, kukunja vilivyokatwa na kufagia vipande. Jina lake la kuzaliwa lilijulikana na mshika orodha ya mishahara tu; wengine wote walimwita Taratibu, jina alilopewa na Mama Mkasi wiki ya pili baada ya kuonekana anatazama chaki muda mrefu kabla ya kuichukua. Na si kwamba Mama Mkasi hakumfundisha. Alimfundisha sana. Mtaala wake mzima ulikuwa na neno moja: "Angalia."

Taratibu aliangalia. Mwaka wa pili akaruhusiwa kukata suruali arobaini, akazikata sawasawa na vipimo vilivyoandikwa kwenye oda. Baada ya mwezi hospitali ikazirudisha zote kwa sababu wauguzi walikuwa wanatembea wodini na vifundo vya miguu nje. "Huoni ninavyofanya?" Mama Mkasi alimuuliza mbele ya kiwanda kizima. "Hayo macho umepewa ya urembo?" Mwaka wa tano akajaribu tena, na safari hii akaongeza kila mahali ili asikosee. Suruali zikarudi zikiwa zinawavuka wenyewe kiunoni. Basi. Tangu hapo hakugusa mkasi, na mtu akimtania alikuwa wa kwanza kucheka. "Mimi, dada, kichwa changu kizito," alikuwa akisema, na Mama Mkasi hakuwahi kumbishia.

Kwa hiyo, akiwa na miaka arobaini na tisa, mjukuu mmoja na goti linalolia kila akipanda ngazi, Mama Mkasi akaanza chuo. Jumanne na Alhamisi mchana, ghorofa ya tatu.

Siku ya kwanza kila mmoja aliambiwa asimame aseme ndoto yake. Msichana wa kwanza alitaka kuvalisha watu maarufu. Kijana wa pili alitaka kuwa na jina lake kwenye lebo. "Ndoto yangu," alisema Mama Mkasi zamu ilipomfikia, "ni kubaki pale nilipo." Walimpigia makofi. Chuoni watu hupigiwa makofi kwa lolote, na huko ndiko kujiamini kunakotoka.

Kisha zikaja kazi za vikundi. Aliwekwa na watatu wenye umri wa mtoto wake wa mwisho, akawaambia waziwazi kwamba hana imani na mikono yao, akafanya kazi yote peke yake. Hawakununa. Walimletea soda, wakamwita bibi yetu kipenzi, na kila kazi ilipokamilika waliandika majina yao juu yake kwa mwandiko mzuri ajabu. Ndivyo alivyowapata wale marafiki wa maisha wa kwenye kijitabu.

Kazini alirudi na maneno mapya. "Taratibu, leo malengo yetu ni yapi?" alikuwa akiuliza asubuhi, na Taratibu, aliyekuwa ameshika ufagio, alijibu kwamba malengo yake ni kufagia chini ya meza. Mama Mkasi alitikisa kichwa kwa huruma. Maskini, alijisemea, elimu haiwezi kumwingia kila mtu.

Mwalimu wa ukataji alikuwa binti mwenye miwani na sauti ndogo, aliyempa shikamoo kila siku bila kukosa na kumsahihisha bila huruma. Mama Mkasi alilazimika kumwita mwalimu, na kila alipolitamka neno hilo lilimkwama kooni. Binti huyo alikuwa na ugonjwa mmoja. Ungeandika chochote, pembeni yake angeandika kwa wino mwekundu: Kwa nini? Kata mbele kabla ya nyuma. Kwa nini? Chaki ikae upande huu. Kwa nini? Mama Mkasi alimwambia mumewe kwamba binti yule hakupata majibu utotoni na sasa anawamalizia hasira wanafunzi.

Mtihani wa mwisho ulimkuta amejiandaa kukata. Kumbe hakutakiwa kukata. Kila mtahiniwa aliandika maelekezo ya kukata suruali ya kazi, karatasi ikapewa mtu mwingine, na huyo ndiye aliyeshika mkasi. Mwandishi alikaa pembeni na kufunga mdomo. Mama Mkasi aliona mtihani umekuwa mteremko. Aliandika mistari saba, akaweka kalamu, akaanza kuwahurumia waliokuwa bado wanaandika.

Karatasi yake ilimwangukia msichana wa ndoto ya watu maarufu. "Pima kama kawaida," ilisema. "Kiuno tumia akili. Urefu ongeza kidogo." Msichana akatumia akili aliyokuwa nayo, akaongeza kidogo kadiri ya moyo wake, na alipomaliza, mguu mmoja ulimfaa mchezaji wa kikapu na mwingine mtoto wa chekechea. Darasa zima lilicheka. Mama Mkasi hakucheka. Aliangalia karatasi yake ikijazwa wino mwekundu, na kwa mara ya kwanza mwaka ule aliliona lile benchi la karibu na mlango waziwazi, na yeye mwenyewe amelikalia, anakata nyuzi.

Alikuwa amefeli. Mwalimu akamwita pembeni na kumwambia kanuni inaruhusu kurudia mara moja, baada ya wiki mbili, mahali pa kazi. Maelekezo yatafuatwa na mtu wa kitengo chake mwenyewe ambaye si mkataji.

"Kwenye kitengo tuko wawili tu, mwalimu," alisema Mama Mkasi. "Nipe mtu mwingine. Mpishi. Mlinzi. Yeyote."

"Huyo wa pili ana tatizo gani, mama?"

"Kichwa. Hakishiki kitu."

"Umemfundisha muda gani?"

"Miaka kumi na moja!"

Mwalimu alivua miwani na kuifuta kwa pindo la blauzi. "Basi mwandikie yeye," alisema. "Andika kama unamwandikia mtu ambaye hajawahi kusimama karibu na wewe."

Jumamosi mbili Mama Mkasi alikaa kwenye meza ya jikoni na daftari, akimtukana binti yule kimoyomoyo kuanzia asubuhi hadi saa ya chakula. Aliandika "ongeza kidogo" akafuta. Kidogo ni kiasi gani? Alilaza vidole viwili juu ya meza kama alivyovilaza juu ya vitambaa maisha yake yote, akachukua futi, akavipima. Sentimita tatu na nusu. Kiuno nacho akakiandikia namba, na mapaja, na pindo. Kisha, kwa kuwa alishauona ule wino mwekundu kabla haujaandikwa, akaanza kujibu kabla ya kuulizwa. Urefu ongeza sentimita tatu na nusu, aliandika, kwa sababu hospitalini nguo huchemshwa, na kitambaa hiki kikichemshwa hupungua urefu. Upana usiongeze chochote, kwa sababu upana haupungui. Akaendelea na mstari uliofuata bila hata kuinua kichwa. Karatasi zikafika moja na nusu.

Siku yenyewe mwalimu alikuja saa nne asubuhi, na meneja akasimama karibu naye akiomba radhi kwa kelele za vyerehani. Mama Mkasi aliwekwa kwenye kiti mita tatu kutoka kwenye meza yake na kukatazwa kusema, kuguna au kuonyesha kwa macho. Taratibu akapewa karatasi.

Alisoma akitembeza midomo. Alisoma polepole mno. Katikati ya ukurasa akasimama. Akarudi nyuma mstari mmoja, akausoma tena, kisha akainua uso na kumtazama Mama Mkasi moja kwa moja. Imekwisha, Mama Mkasi alijisemea. Miaka ishirini na sita yangu imo mikononi mwa huyu, na huyu ameganda.

Taratibu akashika chaki. Akapima, akachora, akapima tena. Mkasi ulipoingia kwenye kitambaa haukusita popote, ulikwenda mpaka mwisho wa mguu na kurudi, na vyerehani vya karibu vikanyamaza kimoja kimoja kwa sababu washonaji walikuwa wamegeuka kutazama. Alipomaliza, mwalimu akapima kila kipande kwa futi yake na kuandika. Akapima mara ya pili. Hakukuwa na kosa hata moja.

Meneja alifurahi kupita kiasi. Alitoa hotuba fupi isiyoisha, akamvisha Mama Mkasi kilemba cha ukoka mbele ya kiwanda: mwalimu wa kuzaliwa, hazina ya kampuni, mfano kwa vijana. Meza ni yake, hakuna wa kuigusa. Mwalimu wa miwani alimpa mkono na kumwambia amefaulu vizuri. Watu wakapiga makofi, kama kule chuoni, halafu vyerehani vikaanza kuunguruma tena na wawili wakabaki peke yao mezani.

Taratibu alikuwa bado ameshika karatasi.

"Dada," alisema, "kumbe huwa zinachemshwa?"

"Si hospitali? Lazima wazichemshe."

"Sikujua. Wewe meneja wa zamani alikupeleka kwa madobi wao. Mimi sijawahi kufika. Nilidhani nakata vibaya."

"Ungeuliza."

"Niliuliza, dada. Uliniambia niangalie."

Hakusema kwa ukali, na hilo lilimuuma Mama Mkasi zaidi ya ukali wowote. Taratibu alikuwa anaikunja karatasi mara mbili, mara nne, huku akitazama vidole vyake.

"Binti yangu akifeli hesabu," alisema, "huwa namwambia asihangaike. Namwambia amerithi kichwa changu."

Mama Mkasi aliona aibu. Si ile ya kuchekwa darasani, ambayo huisha ukishuka ngazi. Hii haikuwa na ngazi ya kushuka. Alitafuta la kusema, akakuta maneno yote mazuri aliyorudi nayo kutoka chuoni hayamfai hata moja.

"Niliogopa," alisema mwishowe. "Ungejua, kiwanda kingekuwa na wakataji wawili. Nikaona ni heri usijue. Nilikufanyia ubaya, na nilijua ninachofanya."

Taratibu hakumsamehe wala hakumgombeza. Aliitikia kwa kichwa tu, kuonyesha amesikia.

"Leo ukifika nyumbani mwambie si kweli," Mama Mkasi aliharakisha. "Mwambie umekata suruali mbele ya meneja na mwalimu wa chuo, na hawakuona kosa."

"Mimi hataniamini. Nimemwambia amerithi kichwa changu tangu darasa la kwanza, na sasa yuko la sita." Taratibu aliitia karatasi mfukoni mwa aproni yake. "Njoo umwambie wewe."

"Lini?"

"Leo. Anatoka shule saa tisa."

Mama Mkasi aliangalia jora lililobaki wazi juu ya meza, oda ya makoti sitini iliyotakiwa kuwa tayari kabla ya jioni. Saa nane na nusu walikwenda pamoja kwa meneja kuomba ruhusa, naye aliwaomba radhi na kuwaruhusu. Wakatoka, Taratibu mbele.