Mtaro Usio na Mwenyewe

Naikumbuka Jumatatu moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka wajukuu wananishangaa. Na kwa kuwa nasikia umeajiriwa kupanga kazi za ujenzi, keti nikusimulie.

Nilikuwa mpangaji wa kazi kwenye ujenzi wa bweni la wasichana, upande wa Wamunyu. Nilikuwa na kompyuta na programu ya ratiba, na kiburi, usiniulize! Kazi zote nilikuwa nimezimimina mle, kutoka kuchimba msingi mpaka kupachika vitasa vya milango, moja chini ya nyingine, msururu usio na kituo. Programu ile ina nafasi ya kuipa kila kazi misimbo, yaani alama za kuonyesha kazi iko wapi na ni ya nani. Mimi niliiacha tupu. Niliona ni urembo tu.

Wakati huo wasichana walikuwa wanalala darasani, na kila asubuhi wanarundika magodoro pembeni ndipo masomo yaanze. Jumatatu hiyo bosi wangu, Injinia Musyoka, alitoka kwa mwalimu mkuu amekunja uso.

"Mutheu, bodi ya shule inakuja Ijumaa. Wanataka kujua tumekwama wapi. Tukikosa jibu wanasimamisha kazi, na hao wasichana watalala darasani muhula mwingine."

"Ratiba iko, Injinia. Nikuchapishie yote?"

"Yote ya nini? Niambie tu fundi bomba amebakisha nini huko bafuni."

Nikatafuta. Nikapanda juu, nikashuka chini, jasho likanitoka. Kazi zake zilikuwa zimetapakaa kote, sikuweza kuzikusanya.

Nilikuwa nakaa kwa Susu, nyanya yangu, kiongozi wa mwethya, kile kikundi cha akina mama wanaosaidiana kuchimba matuta ya mashamba yao. Kesho yake asubuhi nilimkuta shambani anagawa kazi. "Nyinyi wa kanisani, tuta la juu, mnachimba. Nyinyi wa mtoni, la chini, mnabeba mawe." Hakuna aliyesimama akishika kiuno. Nikamweleza shida yangu, naye akacheka mpaka akaegemea jembe.

"Sasa wewe umeita mwethya, halafu hujaambia mtu asimame wapi! Kazi haina mahali, haina mtu, hiyo ni kelele."

"Lakini Susu, hii ni kompyuta."

"Na kompyuta si inapangia watu?"

Aka! Nikaenda zangu kazini na kuanza kuunda misimbo. Na mimi nikishika jambo huwa napitiliza, wewe unanijua. Nikaunda wa mahali, wa fundi, wa hali ya hewa, hata wa rangi ya ukuta. Musyoka akachungulia. "Wa rangi? Nani atakuuliza huo?" Nikafuta. Tukabakisha miwili tu, mahali na fundi, kwa sababu hayo ndiyo watu walikuwa wanauliza kila siku. Kisha nikapita kazi moja baada ya nyingine nikizipa alama.

Alhamisi nikaiambia programu ipange kazi kwa fundi. Waashi wakakaa pamoja, maseremala pamoja, fundi bomba na zake. Chini kabisa likabaki fungu lisilo na jina, na ndani yake kazi moja: mtaro wa maji taka, kutoka bafuni hadi shimoni. Nilikuwa nimekosa fundi wa kuuandikia. Nikamuuliza mwashi, akasema, "Huo ni wa fundi bomba." Nikamuuliza fundi bomba. "Mimi? Mimi nangoja waashi wachimbe!"

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mabomba yalingoja mtaro, sakafu ya bafu ikangoja mabomba, na bweni zima likangoja sakafu. Nilipiga yowe, "Nimekupata!" hata fundi wa rangi akashtuka juu ya ngazi.

Ijumaa nikabonyeza mbele ya bodi, kazi zikajipanga kila moja mahali pake. Mama mwenyekiti akavua miwani. "Kumbe ni mtaro tu?"

"Ni mtaro tu, Mama."

"Na utachimbwa na nani?"

"Mwethya!" nikasema, kabla hata sijamuuliza Susu.

Alinigombeza kidogo, kisha Jumamosi akaja na wenzake, majembe begani, nyimbo mdomoni, kila kikundi na kipande chake. Jua likizama mtaro ulikuwa tayari. Kwenye ile nafasi tupu nikaandika: Mwethya wa Susu. Fundi bomba alikosa kisingizio, na shule ilipofunguliwa wasichana waliingia bwenini mbio na masanduku yao wakigombania vitanda vya juu. Susu alisimama mlangoni akipiga vigelegele, nami nikalia kwa furaha, sikujali nani ananiona.

Basi, mwanangu, kabla hujaandika kazi ya kwanza kwenye ratiba yako, uliza watu watataka kujua nini. Alama ambayo hakuna atakayeiuliza, achana nayo. Kila kazi ipe mahali na mwenyewe, na ukiona nafasi tupu, anza kutafuta hapo, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mungu akupe kazi zenye wenyewe, na wenyewe wenye nguvu za kuzimaliza. Na kila mlango utakaoujenga, uingiwe kwa vigelegele.