Baka Jeupe Kooni mwa Mnadi

Kwa miaka ishirini na minane Mnadi aliuza nguo za mitumba kwa mdomo wake. Akipanda juu ya meza, hata mwenye haraka zake husimama. Sasa sauti ilikuwa ikikwaruza kwa miezi minne, na leo alikuwa amekaa kwenye kiti cha hospitali, mrija wa kamera umepenyezwa puani mpaka kooni, ute unamchuruzika kidevuni. Alijionea kinyaa.

"Tazama," daktari alisema, akigeuza skrini.

Kwenye uzi mmoja wa sauti palikuwa na baka jeupe kama utando wa maziwa yaliyolala. Mnadi alitazama mara moja akageuza uso. Koo lililolisha watoto sita, kumbe linafuga uchafu namna ile!

Daktari alichomoa mrija. "Uzi wenye baka unatikisika nusunusu, si kama mzima wala kama wenye saratani, kwa hiyo macho pekee hayatoshi. Kabla ya kisu napima hatari. Ikiwa ndogo, tunatumia dawa, tunaangalia tena baada ya wiki sita. Ikiwa kubwa, nakata kipande wiki hii hii kikapimwe saratani. Unavuta sigara?"

"Havuti," akajibu kaka yake.

Kaka huyo, mwalimu mkuu mstaafu, suti imepigwa pasi ikanyooka, ndiye aliyemsindikiza. Na kwao, mkubwa akiwepo, mdogo hafungui mdomo mbele ya mgeni.

"Pombe?"

"Hata kuionja! Sisi ni watu wa heshima, daktari."

Daktari akaandika. Mnadi alilirudia neno hilo moyoni. Heshima! Mtu yuko radhi kumzika mdogo wake ili jina la ukoo lisipate kunyanzi. Naye Mnadi, mtu mzima mwenye wajukuu, ameufyata kama mtoto aliyeiba sukari. Hapo alijichukia zaidi.

"Basi hatari si kubwa sana," daktari alisema. "Tuonane baada ya wiki sita."

"Pakiti moja kwa siku," Mnadi akakoroma. "Na pombe kila jioni ya mnada."

"Nyamaza wewe! Unanivua nguo mbele za watu?"

Daktari alifuta alichoandika. "Njoo keshokutwa, usile kitu. Ulianza kuvuta lini?"

Mnadi alijipangusa ute kwa kiganja, akamkazia macho kaka yake.

"Nikiwa na miaka kumi na minne. Muulize huyu, ndiye aliyeniwashia."