Perege Waliokarimiwa

Kosa langu lilikuwa kuwapakulia samaki kama wageni. Kwetu mgeni haachiwi kuinuka mpaka sahani imshinde, nami nilipochimbiwa kibwawa cha perege nyuma ya nyumba, Bububu, nikakiendesha kwa adabu hiyohiyo. Vumbi la dagaa, pumba, makombo ya wali wa nazi. Wakiacha naongeza, nikidhani labda mapishi hayakuwapendeza.

Lakini raha yangu ni kulisha. Mimi ni mtu wa ndani. Kufika Kidichi tu, hapo juu, naaga kama nakwenda Hija. Na mara hii ya kulisha nilikuwa na sababu. Binti wa jirani yangu alikuwa amejifungua, yuko kwa mama yake katika arobaini yake, maziwa yanamtoka kwa shida. Nikamwambia mama mtu, "Bibi, samaki wa supu ya mzazi usinunue. Wamo kwangu, wanakua."

Maji yakageuka kijani, mazito kama kisamvu. Nikawahamishia perege kwenye mapipa, nikayavuta maji yote, nikamwagilia migomba, nikajaza mapya ya kisimani, nikawarudisha. Chakula nikakata. Nikakaa kibarazani nikiyatazama maji yangu meupe, najiona fundi.

Haukupita muda mrefu yakarudi kijani kilekile. Nilipigwa na butwaa. Maji mapya, sijatia hata punje; kijani hiki kimeingilia mlango gani? Nikawashuku bata wa jirani. Akawafunga bata wake, akaninunia.

Maji yalipokuwa hayasafiki bado, nikashuka na reki alasiri moja, nikalikoroga tope la chini kama anayefagia uani. Likapanda jeusi, linanuka yai viza. Nikajipongeza: uchafu umetoka.

Alfajiri nilikwenda kutazama kabla sijawasha moto. Perege walikuwa juu ya maji, ubavuubavu, weupe. Wachache walikuwa hai bado, midomo nje, wanaigugumia hewa. Nilisimama pale na kanga yangu ya kulalia. Mtu unaposhtuka kweli hupigi kelele. Nilikuwa nawahesabu, nachanganyikiwa, naanza tena.

Nikampigia wifi yangu, dada wa mume wangu, anayesomesha kemia sekondari. Alikuja, akachutama ukingoni, akacheka kwanza, maana wifi haachi haki yake.

"Ulikuwa unawalisha samaki au unalilisha tope?"

"Samaki."

"Samaki wamekula kidogo. Kilichobaki kimezama, kikaoza, na fosforasi yake ikalala humo chini."

"Lakini maji niliyamwaga yote, wifi."

"Maji ulimwaga. Tope ulimwaga?"

Nikaitazama reki.

Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza wanafunzi wake wazito. Fosforasi haiyeyukii hewani ikatokomea. Hewa ikifika chini, chuma kilichomo katika udongo wetu mwekundu huishika. Hewa ikiisha kwa sababu ya kuoza, chuma huiachia, nayo hupanda majini. Vile vimea vya kijani, vidogo hata jicho halivipambanui, huila vikastawi, hufa, huzama, na fosforasi hurudi topeni kungoja zamu yake. Maziwa makubwa huko bara, alisema, watu huacha kuyachafua na bado yakakaa kijani miaka, kwa akiba iliyo chini.

"Na reki?"

"Reki imelipandisha tope lote kwa mara moja. Likanywa hewa yote ya majini. Usiku samaki wakakosa pumzi."

Siku zote nilidhani kinachozama kimekwisha. Kumbe kila sahani niliyomimina kwa mapenzi ilikuwa bado imo humo, na aliyeiamsha ni mimi, kwa mkono wangu.

Waliobaki hai hawakutosha kijungu, na wifi akanikataza kuwapika waliokufa. Nikavaa buibui nikaenda kwa jirani, kwanza nimwombe radhi ya bata, kisha nimwambie supu haipo. Nilimkuta anamkanda mgongo mjukuu wake mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Nikamweleza yote, na fosforasi nikaitia, nikitumaini itanisitiri. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake hausimami. Kisha akasema:

"Ntanunua samaki changu sokoni. Na wewe, binti yangu akishatoka arobaini, mtoto njoo umtazame tu, kumlisha usimlishe."