Amplifaya Ndogo Ilivyounguza Spika Kubwa

Mwanangu, asubuhi niliyotoka Nyahanga, pale Kahama, na spika iliyoungua mgongoni sikuwa na mpango wowote. Nilifika barabara kuu, nikatazama upande wa Geita, nikatazama upande wa Isaka, nikafuata ule ambao upepo haukunipiga usoni. Ndivyo nilivyokuwa nikiamua mambo enzi hizo. Shule niliiacha darasa la tano, kwa sababu mwalimu alichoka kuulizwa maswali, nami nilichoka kunyamaza.

Spika ile ilikuwa ya besi, inchi kumi na tano, na sumaku yake ilinichimba uti wa mgongo kila hatua. Ngoja nikueleze ilivyofika hapo.

Nilikuwa nafanya kazi kwa Mzee Karimu, Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini Kahama. Alikuwa na pikapu, na alipenda muziki kuliko wateja wake. Spika ile aliinunua kwa bendi moja iliyovunjika kule Mwanza. Fundi wake aliitwa Sadiki, mtu wa Tabora mwenye cheti cha redio alichokitundika ukutani kama picha ya harusi. Sadiki akaitengenezea boksi la mninga nyuma ya pikapu, akaiunganisha na amplifaya ya gari ya wati sitini. Spika yenyewe ilikuwa imeandikwa wati mia.

Nikamuuliza, "Fundi, hizi sitini zitatosha? Hatutailazimisha?"

"We darasa la tano," akanijibu, "amplifaya ndogo inaweza kuunguza spika kubwa? Umewahi kuona mtoto wa kunyonya akamvunja baba yake mkono?"

Watu dukani wakacheka. Nami nikacheka, ingawa sikuridhika.

Wewe umekulia huku, unayajua mashindano yetu ya ngoma baada ya mavuno. Makundi mawili yanacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja upande wake. Hakuna mwamuzi mwenye karatasi. Kundi linalokimbiwa na watazamaji ndilo lililoshindwa, basi. Mwaka ule kundi la wateja wa Mzee Karimu likaomba pikapu. Tukasimamisha maiki mbele ya ngoma kubwa, nami nikawekwa kwenye kitufe cha sauti.

Mwanzoni tuliwapata watu. Besi ile ilikuwa inagonga kifuani, akina mama wakawa wanashika matiti na kucheka. Lakini ilipofika saa kumi manju, yule kiongozi wa ngoma, wa upande wa pili akatoka na chatu mzima mabegani, na watu wakaanza kuhama.

"Ongeza!" Sadiki akapiga kelele.

Nikaongeza. Mlio ukabadilika. Haukuwa tena mlio wa ngoma, ulikuwa kama mtu anayechana turubai.

"Fundi, inakwaruza!"

"Inakwaruza kwa kuwa unaibembeleza. Peleka mpaka mwisho!"

Nikapeleka mpaka mwisho. Hapo ndipo nilipokosa, mwanangu, na nitaparudia. Haikupita muda, nikasikia harufu ya rangi inayoungua, moshi ukatoka kwenye boksi, kisha kimya. Upande wetu ulibaki mtupu, hata mbwa walihamia kwa chatu.

Kesho yake alfajiri, kabla duka halijafunguliwa, Mzee Karimu akaniita mbele ya wachezaji wote. Sadiki alikuwa ameshasema: kijana huyu ameizidishia spika moto. Mzee Karimu hakuwa mtu mbaya. Akaniambia kwa upole, "Sema tu umekosea, iombe radhi ngoma ya watu. Utabaki hapa, utaosha gari."

Nilikuwa na njaa, na chumba nilichokuwa nalala kilikuwa chake. Neno moja lingenitosha. Lakini nilijua kwamba nikilitamka, kuanzia Kahama mpaka Geita nitakuwa yule kijana aliyeunguza spika kwa ujinga, na hakuna atakayenipa hata redio ya mkulima nimfungulie.

"Sikuizidishia spika," nikasema. "Amplifaya ndiyo iliyozidiwa."

Walicheka kuliko wale watu wa dukani siku ile. Manju wetu akauliza, "Kwa hiyo kilichozidiwa kimebaki kizima, na ambacho hakikuzidiwa kimekufa?" Ushahidi wangu ulikuwa masikio yangu tu.

"Basi chukua takataka yako uende," akasema Mzee Karimu. Nikaichukua.

Nilitembea hadi jua likawa kali. Lori la mbegu za pamba likanibeba, likaniteremsha Kagongwa. Sikumjua mtu pale. Nikaona kibanda chenye mota zilizofunguliwa na matanzi ya waya wa shaba, na mama wa makamo ameketi kwenye kigoda akisuka koili ya mota ya mashine ya kusaga. Aliitwa Mama Salome. Kazi ile ilikuwa ya marehemu mumewe, na alipofariki, mama akakataa kuuza vifaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umembeba nani?"

"Spika, mama."

"Amekufa kwa nini?"

"Wanasema alizidishiwa moto. Mimi nakataa."

Hakucheka. Akachukua kisu, akaikata karatasi ya spika kwa pembeni, akaitoa koili, akaigeuza kwenye mwanga.

"Karatasi nzima," akasema. "Koili haijagonga chuma. Ingekuwa imesukumwa kupita kiasi, ungeona mchaniko na mpondeko. Hii haikupigwa, imeiva taratibu kama muhogo kwenye majivu. Ulisikia nini kabla?"

Nikamweleza ule mlio wa turubai, na zile wati sitini za amplifaya.

"Ndipo hapo. Amplifaya ikifika mwisho wake ukazidi kuilazimisha, hiyo ya wati sitini inaweza kumwaga karibu mara mbili ya wati zake. Lakini wimbi la sauti linakatwa kichwa, ngoma haisikiki vizuri zaidi, na koili inapata joto tu."

Nikaruka kwa furaha. "Kwa hiyo sina kosa!"

"Kaa chini. Kitufe kilikuwa mkononi mwa nani?"

"Mwangu."

"Na aliyesikia inakwaruza?"

"Mimi."

"Basi kosa unalo. Si lile wanalokutwika, ni lako: ulisikia, ukatii."

Nikamuuliza kama anajua mahali pa kulala. Akanionyesha chumba cha nyuma chenye kitanda cha kamba. Nilipoisukuma spika chini ya kitanda, akanifokea. "Itoe hapo! Umefanya nini cha kuficha? Itundike mlangoni, watu waulize." Tukaitundika. Na waliuliza, mwanangu, na kila aliyeuliza nilimjibu.

Basi leo unataka kufunga besi kwenye gari lako, na dukani wamekwambia amplifaya ndogo ndiyo salama. Kataa. Usidanganywe na namba kubwa ya kwenye katoni, uliza wati ambazo spika inazibeba mchana kutwa, kisha tafuta amplifaya inayozifikia bila kujikaza, hata ikizidi kidogo, na usiipeleke mwisho. Ikianza kukwaruza, punguza, hata kama uwanja mzima unakupigia kelele uongeze. Na siku watakapokutaka ukiri usilolifanya ili upate pa kulala, ondoka na takataka yako asubuhi hiyo hiyo, bila mpango. Ila lile ulilolifanya kweli, likiri hata kama hakuna aliyekuuliza.

Mungu akulindie masikio yako, na kila mji utakaoingia na mzigo mgongoni, akutangulizie mtu wa kukuuliza umebeba nini. Wabeja, asante kwa kunisikiliza, mwanangu. Nenda kafunge.