Karatasi Nyeupe ya Bi Shamimu

Bi Shamimu wa Likawage haamini mtu anayekuja na tabasamu na kamera. Ana sababu zake. Mwaka alioanza ujane walikuja vijana wawili wenye viatu safi, wakapiga picha mikorosho ya jirani, wakaaga kwa adabu zote. Masika hayajaisha, jirani akakuta vigingi katikati ya shamba lake. Aliyeviweka hajulikani mpaka leo.

Naye Bi Shamimu ana cha kunyang'anywa. Mikorosho arobaini na miwili aliipanda kwa mkono wake, tena akiwa na mimba. Sasa shemeji yake, Bashiru, anadai ilikuwa mali ya marehemu kaka yake, kwa hiyo ni yake yeye. Hati hakuna. Kuna mstari wa mikonge mpakani, basi.

Ndiyo maana Naima, mjukuu wake wa kidato cha tatu, alipoingia uani na kamera ya shule, alimkuta bibi kashika kiuno.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Mwalimu Fidelis. Kila mwanafunzi anashirikiana na mwanakijiji mmoja. Wewe unachagua tupige nini, na maneno ya chini unasema wewe. Halafu tunabandika picha kubwa kwenye ukuta wa ghala la ushirika."

"Na Bashiru kachagua nini?"

Naima akatazama chini. "Anataka kupigwa katikati ya mikorosho."

"Mikorosho ipi?"

Naima akatupa jicho upande wa shamba la bibi. Bibi alimfukuza na kamera yake, damu yake mwenyewe, kisha akaenda kufunika mikonge ya mpakani kwa majani makavu ili kamera isiione. Siku tatu alishinda shambani na panga. Kila mwanafunzi aliyepita njiani, yeye alimwona ni mpelelezi.

Siku ya nne akasikia picha zimebandikwa kwa uji wa muhogo. Uji wa muhogo ukilowa unaachia, hilo analijua. Akajaza ndoo maji, akajitwika mpaka ghalani.

Watu walikuwa wamejaa. Ukutani palikuwa na vinu, mbuzi, mikono ya wapaliliaji. Katikati palikuwa na karatasi moja kubwa, nyeupe, isiyo na picha. Bi Shamimu aliishia darasa la nne. Akayasoma maneno ya chini polepole.

"Hapa tulitaka kuweka mikorosho arobaini na miwili. Tumewauliza majirani wa mipaka yote mitatu mwenye shamba ni nani. Wamesema ni Bi Shamimu. Bi Shamimu amekataa picha."

Chini yake majirani wale watatu walikuwa wameandika majina yao: Erasmo, Restuta, Huseni. Bi Shamimu akayasoma mara ya pili. Hata hapo alitafuta hila, akaikosa, akaona aibu kwa jinsi alivyomfukuza Naima.

Nyuma yake mtu akakohoa. Alikuwa Bashiru, na macho yake yalikuwa kwenye ndoo.

"Shemeji, kumbe umekuja kubandua? Lete maji nikusaidie."

Bi Shamimu akaitua ndoo, akaimwaga yote mchangani, akaipindua, akaikalia chini ya karatasi yake.